Simoni na foklifti ukweni

Upendo, kaka yangu Simoni ametutia aibu huku Mwakiro. Mbele ya wakwe.

Sisi tumetoka Musinzira tumependeza, tukijua bia ya posa tutaibeba kichwani kama kawaida. Yeye akaipakia kwenye foklifti ya kazini kwake hapa, ile mashini ya kunyanyulia mizigo yenye magurudumu ya trekta. Eti yote manne yanakata kona, eti milima haiisumbui.

Kukaribia kwa mchumba wake Jeska, akainua mzigo juu kabisa ili wakwe wauone. Juu kabisa, Upendo, kwenye mteremko. Kreti zote zikamwagika mlangoni.

Sisi tunaokota vipande vya chupa, yeye anajitetea: "Lakini mashini haikupinduka."

Baba yake Jeska hata hakupaza sauti. "Vizuri, mwanangu. Basi kaioe hiyo mashini."