Maziwa ya Addey na Mgongo wa Mulki

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mimi Hirsi sijawahi kumwogopa mtu mwenye koti jeupe.

Uongo. Leo nimetoka kwa daktari nikaiacha bakora yangu mezani pake. Mke wangu Mulki amelazwa wiki ya pili. Mgongo. Sasa vidole vya mguu wa kushoto havisikii kitu. Nimevifinya. Akaniuliza nitavifinya lini.

Daktari ni Leyla, binti wa huko mji wa Eldas, kidevu juu. Anasema picha imeonyesha uti umeliwa. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo, huenda uvimbe, huenda brusela — homa ya mifugo inayokuja na maziwa mabichi. Wako kwenye utafiti wa wafugaji wenye migongo mibovu. Wengine walipasuliwa bure, kumbe dawa ya miezi mitatu ingetosha. Damu ya Mulki haijasema wazi. Nilete maziwa ya ngamia wetu yapimwe.

Maziwa ya Addey! Ngamia aliyelea wajukuu wangu sita!

Akauliza, akiniita ami kwa Kisomali, “Mnayachemsha, adeer?” Nikamuuliza kama mama yake alimchemshia ziwa. Hakucheka.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepeleka chupa. Ndani ni maziwa ya paketi, ya dukani, ya ng'ombe asiyelijua hata jua. Wapime hayo. Addey hatatajwa na mtoto wa jana kuwa mchafu.

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya swala nimemsimulia Guleid, rafiki yangu tangu tulipochunga pamoja. Kacheka mpaka kofia ikamdondoka. “Waryaa, wewe mzee, umewapimisha kiwanda!”

Kila asubuhi nampelekea Mulki themosi. Hayo ndiyo ya Addey mwenyewe, mabichi, vikombe viwili. Namwambia mgongo unataka maziwa. Anakunywa ili nisinung'unike.

Jumatano, 12 Novemba
Maabara wamesema maziwa ni safi. Kwa hiyo brusela imesogezwa nyuma. Mpasuaji anakuja Ijumaa kutoka Nairobi. Atamfungua mgongo, atoe kipande cha mfupa wakipime, afunge kwa vyuma. Huenda akatembea, huenda — Leyla hakumaliza.

Mulki ameniambia, “Hirsi, maziwa yako yamefaulu. Umefurahi?” Mguu hauinuki tena.

Nina hasira. Maabara gani hii isiyotofautisha ngamia na paketi? Nimempigia mchungaji wangu simu nikamtukana Addey kupitia kwake. Leyla naye, na kidevu chake. Na yule mzee mwingine, aliyeleta chupa ya dukani — huyo sitamwandika.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimesema ya ile chupa. Mlangoni mwa wodi, nikiangalia sakafu. Leyla akavua miwani.
“Na themosi, adeer?”
“Na themosi.”
Hakunikaripia. Ningemshukuru angenikaripia. Akachukua chupa ya maziwa ya Addey ambayo Guleid kayakamua alfajiri, akamtoa Mulki damu tena, akampigia mpasuaji. Dawa ya brusela inaanza leo bila kungoja majibu. Lakini mguu ukizidi kulegea watapasua tu. Akasema, “Kabla ya saa kumi mkeo awe anajua. Mgongo ni wake. Usipomwambia, nitamwambia mimi.”

Saa tisa na nusu. Niko kwenye benchi la nje na Guleid, naandika ili mikono ipate kazi. Ananiuliza tunangoja nini.

Nimemkumbusha. Mwaka jana, alipopaka ndevu hina akaenda mjini Masalani kuposa mke wa pili, nani alimwapia mkewe kwamba kaenda mazishini? Mimi. Sijawahi kumdai. Leo namdai, na ni jambo dogo.

Aingie yeye kwanza. Atoe salamu, achukue ile themosi iliyo karibu na kichwa cha Mulki, atoke nayo. Sitaki iwe pale nitakapokuwa nasema.