Vioo Vyako Juu ya Paa

Baba,

Shikamoo. Hiyo ni adabu tu, usidhani ni mapenzi. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki: sitaki urudi Kariakoo.

Unakumbuka ulivyopandisha madirisha ya zamani juu ya paa la zege, wapangaji wote wakikutazama? Ulipigilia makasha ya mbao, ukajaza udongo, ukasia mbegu za kabichi, ukafunika kwa vioo. Kwenu Rombo, ulisema, babu alifunika miche hivyohivyo ili baridi ya Julai isiiue. Mimi nilikushikia misumari, na nilikuamini. Lakini Dar kuna baridi gani, baba? Siku chache tu miche ikalala, imeiva. Mama Salehe, yule muuza chapati wa chini, alipopanda kuanika nguo akaangua kicheko: "Baba Neema, unalima au unapika?"

Hukumjibu yeye. Ulinigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimekwambia, kwa sauti yangu hii ndogo, "Baba, tutoe vioo, tuweke nailoni juu, pembeni tuache wazi. Huku kinachoua mboga ni mvua." Ukasema mbele ya wapangaji wote waliokuwa paani: "Huyu hata salamu ananong'ona, leo anifundishe kulima?" Wakacheka. Wewe ulicheka kuwashinda. Ukapanda tena chini ya vioo, miche ikaungua tena, ukadai mimi ndiye niliyefungua vioo. Kisha ukaenda Rombo kufuata mbegu "zenye nguvu." Nimemaliza kidato cha nne hujarudi.

Vioo vyako nilivitoa. Nilipinda fito, nikatandaza nailoni juu yake, pembeni upepo unapita. Nikapanda mchicha. Masika haya bustani za bonde la Jangwani zimezama, na mchicha unaofika sokoni umechanika, umejaa matope. Wangu umesimama. Mama Salehe huniita kutoka ngazini: "Neema mwanangu, nichumie fungu! Na uitike kwa nguvu, masikio yangu yamezeeka!" Naitika kwa nguvu.

Juzi ulimpigia mama, akaweka simu sauti ya juu. Hukuniulizia. Ulisema mvua zikikatika unakuja, "na vioo vyangu nivikute juu ya makasha." Mama akajibu, "Sawa, Baba Neema," huku anatabasamu kama msichana. Sasa ameshatoa shuka lile zuri analianika.

Sitavirudisha vioo. Ukija utanikuta paani, na safari hii ukinicheka nitakujibu, wapangaji wote wasikie. Afadhali ubaki huko kwenye baridi yako, ujenge makasha mengine, ufunike kwa vioo vingine.

Najua utakuja tu, kwa kuwa mama amekukubalia. Basi uje kwa ajili yake. Nichukie ukipenda, ninunie mwaka mzima, ila haya niliyoandika usimwambie. Yeye anadhani tunakungoja wote wawili.

Ni mimi, mwanao uliyemcheka