Jiwe la Chebet dirishani

Lois, Chebet wetu wa maabara ameitwa mwizi leo hapa Jeddah, mbele ya wageni. Mwizi! Chebet!

Kisa ni vivianiti, lile jiwe adimu la fosfeti. Likichimbwa halina rangi, likikaa kwenye mwanga hugeuka buluu, kisha jeusi. Chebet alilifungia gizani. Bosi akalitoa, akaliweka dirishani kama pambo wiki mbili!

Leo akalikuta jeusi, akafoka, "Langu lilikuwa kama kioo! Umeliiba, ukaweka jingine! Lete ikama, kibali chako cha kuishi hapa! Halas, basi, urudi kwenu!"

Chebet, akimkabidhi ikama: "Bosi, ni jua."

"Mwizi!"

Chebet akachukua kisu, maana jiwe lenyewe ni laini, akalipasua. Ndani lilikuwa bado angavu kama kioo!

Bosi hakuomba radhi, Lois. Alimrudishia ikama bila kumtazama, akasema, "Funga pazia."