Turubai Jipya la Baba

Mama,

Ng'ombe wako Kidoti alizaa siku ya tatu ya msiba wako. Jike! Baada ya madume yote uliyoyauza ukinung'unika, jike limekuja wewe umeshalala kaburini. Nilipomwona nilicheka huku nalia, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Sasa sikia walichofanya wajomba zangu. Unawajua Wazigua wa Handeni wakija kwenye msiba wa Washambaa: ni watani, hawanyimwi kitu. Walikuwa wameshajitanda kanga zako wakiigiza mwendo wako, hata Baba mkwe akatabasamu. Kisha wakaiona ndoo ya dang'a. "Marehemu alikuwa mchoyo wa maziwa, leo tunamkomoa!" Wakalipika lote, wakawagawia waombolezaji. Nilisimama mlangoni nikisema ndama hajanywa, kwamba maziwa hayo ya kwanza ndiyo kinga yake. Wakacheka wakidhani na mimi natania. Utani msibani ni dawa, nakubali, lakini siku ile nilitamani kuwapiga kwa mwiko.

Jioni ndama alinyonya. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kwamba saa zile za mwanzo zikipita hazirudi.

Halafu mvua ikashika, na ukungu wetu huu wa Kwashemshi. Baba akafunga banda kwa turubai na magunia, akaziba hata ule upenyo uliouacha chini ya paa. "Ndama wa mama yenu hatapigwa na baridi," alisema. Ndani mkojo ukatuama, majani ya kulalia yakalowa, ukiinama macho yanawasha. Ulikuwa ukiniambia, "Ndama akiwa mkavu, baridi haimtishi. Mnyime hewa, utamzika." Nilimweleza Baba kwa adabu zote. Akanijibu, "Mwanangu, wewe umezoea joto la Handeni, baridi ya huku huijui." Nilimpigia mume wangu, mwanao, yuko Korogwe na bodaboda yake. Akaniambia nimwache mzee na majonzi yake.

Kikohozi kikaanza. Kisha pumzi za juu juu, shingo ameinyoosha, masikio yamelala. Bwana mifugo alipanda mlima kwenye tope, akachoma sindano, akasema mapafu yameshaharibika. Ndama alikufa kichwa kikiwa mapajani mwangu. Baba alichimba shimo peke yake, akakataa msaada wa majirani. Tangu hapo halitaji jina lako, Mama. Sisi tukilitaja anatoka nje.

Kidoti ana mimba tena, siku zake zimekaribia. Jana Baba alirudi kutoka gulioni na turubai jipya, zito kuliko lile. Anasema lile la kwanza lilikuwa jepesi, ndiyo maana baridi ilipenya.

Nililia jikoni. Nina hasira naye, na namhurumia mpaka nashindwa kula.

Kesho, akishamaliza chai, nitamwambia kwamba si baridi iliyomuua ndama wako. Ataelewa ni nini, na ni nani, hata nisipomtaja. Naogopa kumvunja mzee aliyebaki nusu. Lakini nakuahidi: ndama atakayezaliwa atakunywa dang'a kabla ya mtani yeyote, na atavuta hewa. Baba akinirudisha kwetu Handeni kwa kukosa adabu, na anirudishe, mradi nimwache ndama anapumua.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mama.

Mkazamwanao,
Mwanaidi