Chupa Ulizonificha, Senge

Senge,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili za kwanza nilianza kwa kukulilia, nikaichana. Leo nina hasira, na nimeona afadhali nikuandikie nikiwa hivi hivi, kabla sijaanza tena kukutetea kama nilivyozoea.

Hapa nyumbani si mengi yaliyobadilika. Mlango wa jikoni uliokuwa ukikwama umetengenezwa. Wanafunzi wanaopanga vyumba huko Shirere bado wanapita kuuliza maua ya dirishani, na mvua inakuja alasiri vile vile. Wateja wa miche yako ya mtini wakikuulizia, nikiwaambia umetutoka, wanasimama pale barabarani wameshika kiuno, wananipa pole. Halafu wanauliza kama angalau miche imebaki.

Siku ya kunyoa nywele za matanga, siku tatu baada ya kukuzika, wazee waligawa vitu vyako. Watoto wako walichukua kitanda, redio na ng'ombe. Mimi, binti wa kaka yako, ambaye ulinilea tangu darasa la tatu, nilipewa vitu vya kitalu: ndoo, jembe, makaratasi meusi ya plastiki ya kuoteshea miche, na ufunguo wa kile kibanda cha nailoni nyuma ya choo. Hukuwahi kuniruhusu kuingia mle. Ulisema umeweka sumu ya wadudu. Niliwashukuru wazee nikalia, na watu wakasema kweli Nekesa alimpenda senge yake.

Mle ndani hakukuwa na sumu. Kulikuwa na chupa za maji, zile za plastiki za kuona ndani, zimekatwa shingo, zimetobolewa chini kwa msumari wa moto, na kila moja imevishwa gazeti na kufungwa kwa uzi. Kila chupa ilikuwa na udongo na kijiti cha mtini. Nilifungua uzi wa kwanza, nikateremsha gazeti, nikaona mizizi. Ilikuwa myeupe, imeshuka ubavuni mwa chupa hadi chini. Nikafungua ya pili. Hiyo ilikuwa na majani matatu mazuri juu, lakini chini hakukuwa na mzizi hata mmoja.

Nilikaa pale chini kwenye udongo, Senge, na nguo yangu nyeusi ya matanga.

Maana wewe ulinifundisha kutazama majani. Miaka sita. "Tumia hizi karatasi nyeusi," uliniambia, "na ukiona majani mbili, hamisha kwa mkebe." Nikahamisha. Kumbe kijiti cha mtini hutoa majani kwa nguvu iliyobaki ndani yake, kabla hakijapata mzizi wowote, na ukikisumbua wakati huo umekiua. Wewe ulijua. Ndiyo maana ulitumia chupa unayoweza kuchungulia, ukaifunika gazeti ili mizizi ikae gizani, ukangoja. Mimi ulinipa karatasi isiyoonyesha kitu, ukaniambia niipange uwanjani, inyeshewe kila siku. Vijiti vyangu vilioza vyote.

Na kila vilipooza ulikuja, ukang'oa kimoja, ukakinusa, ukaniangalia kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo siwezi kuimeza.

"Mkono yako iko na moto, Nekesa. Si makosa yako, watu wengine huzaliwanga hivyo. Wewe mwagilia tu maji."

Nilikuamini. Nilikuwa naosha mikono kwa maji baridi kabla ya kushika mche wowote, na wewe ulikuwa unaniona nikifanya hivyo. Mtoto wa jirani akilia nikimpakata, nilimrudisha haraka kwa mama yake. Wale kina mama wa Kabras waliponiita nikasimamie kitalu cha kikundi chao, niliwaambia siwezi, mimi mkono wangu huua. Ulikuwa umekaa hapo hapo kando yangu unachambua mboga. Uliendelea kuchambua. Baadaye ukachinja kuku, ukanipikia ingokho, tena siku ya kazi, nami nikafikiri unanifariji.

Nilipotoka kibandani nilibeba chupa moja hadi kwa Mama Finike, jirani uliyeimba naye kwaya. Niliiweka mezani pake. Hakuuliza ni nini. Alianza kulia kabla sijasema neno, na hapo nikajua kwamba hata yeye alijua. Alisema ulimwambia ulipoanza kuugua.

"Alikuwanga anaogopa utaenda," akaniambia. "Ukijua kupanda, utabaki hapa kufanya nini? Alitaka kukuambia, lakini kila ukiingia na uji anafikiria utaweka kikombe chini uende."

Nilirudi nyumbani sikumwaga hata tone la chozi. Nilikata vijiti kumi na viwili kwenye mtini wako. Nilijaribu vyombo vyote, kwa sababu sikutaka kuamini hata chupa zako bila kuona mwenyewe. Beseni lilikuwa pana mno, udongo wake ukakaa na maji, vijiti viwili vikaoza. Mkebe wa mafuta ya kupikia ulitoa mizizi, lakini sikujua imetoka lini hadi nilipokung'uta. Zile chupa ndizo bora, nakubali. Mizizi ilipozunguka chupa na kuanza kugeuka rangi ya kahawia nilihamisha, na sikuipeleka kwenye ndoo moja kwa moja. Niliipeleka kwenye chombo kilichozidi kidogo tu, ili udongo usibaki na maji ambayo mizizi haiwezi kunywa. Hayo hakunifundisha mtu. Kumi vimeshika.

Kumi, Senge. Kwa mikono hii.

Juzi nilipanda pikipiki hadi Kabras na chupa mbili mapajani. Kikundi kilishampata mtu mwingine, na nilijua hivyo nikaenda tu. Mwenyekiti wao alifungua gazeti, akaizungusha chupa taratibu, akaita wenzake waje waone. Wamesema huyo mwenzangu anajua miti ya mbao, matunda hajui, kwa hiyo tutafanya pamoja. Ninahama Jumatatu.

Kaburi lako nitakuwa nakuja kulipalilia, hilo usihofu. Na nakuahidi jambo moja: kule chupa zitakaa mezani, na atakayeuliza nitamfungulia gazeti aone. Kuhusu kukusamehe sikuahidi kitu. Nikikusamehe nitakuja nikuambie mwenyewe.

Pumzika, mama yangu. Naona nimekuita mama, na sifuti.

Ila ujue ulinikosea mara mbili: kwa kunificha, na kwa kutonijua. Kweli ningeweka kikombe chini. Ningetoka nje, pengine nisingekusemesha wiki nzima. Halafu ningerudi kukichukua nikakioshe, nikuulize kama umekunywa dawa. Ungeniambia tu, Senge. Ningekaa.

Nekesa