Askari Aliyefundishwa Kunyamaza

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo. Macho ya mama ni yale yale, anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu aliyesimama mbele yake, basi. Presha imetulia. Ameniagiza nikuulize kama kile kikohozi chako kimepona. Nami nauliza kwa kuwa nimeagizwa.

Najua umepiga simu sana tangu Jumanne na sijapokea. Kwenye simu ungenikatiza, na wewe mdogo wangu una maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Karatasi haikatizwi. Kaa chini usome.

Nianze na habari ya Askari, maana kila jioni ulikuwa ukiniuliza amefikia somo gani. Askari amehitimu. Unakumbuka alivyokuwa: jani likianguka uani, anabweka, paka akipita ukutani, anabweka, kengele ya mlango ikilia kwenye redio, anaizunguka redio akiitukana. Ukaja Jumapili moja, ukasema kelele zile zinampandisha mama presha, ukachukua simu yangu ukaniwekea ile programu ya kufundishia mbwa. Ukanielekeza vizuri kweli. Ukaleta na mifuko ya biskuti zake. Nikawaambia wenzangu kazini kwamba wengine wana wadogo zao wa kuwaomba nauli tu, mimi wangu ananisaidia kumlea mama.

Basi nikirudi kutoka kwenye dobi, miguu imevimba kwa kusimama na pasi kutwa nzima, sijakaa. Nafungua programu, nachagua lile somo ulilosisitiza nianze nalo, la mgeni. Simu inatoa sauti ya geti likifunguliwa, kisha hatua za viatu, kisha hodi. Askari akinyamaza na kwenda kulala kwenye zulia lake karibu na mlango, nabonyeza kitufe, simu inalia tik, nampa biskuti. Akibweka, hapati kitu. Mwanzoni alibweka mpaka jirani akaniuliza kama nafundisha mbwa au nafundisha kwaya. Lakini mbwa na biskuti ni kama sisi na mshahara, taratibu akaelewa. Siku muuza gesi alipoingia na mtungi begani, na Askari akajilaza kimya akiisikiliza tik, nilikupigia simu nikiwa karibu kulia kwa furaha. Ulinisifu sana. Ukaniambia sasa nyumba itakuwa na amani.

Sasa nije kwa mama. Hakukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi: yeye hakuipenda programu ile tangu mwanzo. Alisema mbwa akibweka ndipo anapojua kuna mtu, na kwa namna anavyobweka anajua kama ni mimi, jirani au mgeni. Nilimjibu kwamba mchana geti limefungwa na funguo tunazo mimi na wewe tu, mtu gani ataingia. Baada ya hapo akaanza kuniambia, nikirudi jioni, kwamba kuna watu wamepita sebuleni. Alisema anasikia harufu ya manukato na ya viatu vilivyopakwa rangi. Nikamcheka. Nikamwambia mama, uzee sasa umehamia puani. Hakulitaja tena.

Jumanne umeme ulikatika dobini, tukaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Nilikuta geti liko wazi. Sikusikia kitu. Nikaingia sebuleni, nikamkuta mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa ameshika utepe wa kupimia, na mume na mke wamesimama wakitazama dari. Askari amelala kwenye zulia lake, anatafuna. Yule wa viatu aliponiona hakushtuka hata kidogo, mdogo wangu. Aliweka kidole mdomoni, akaninong'oneza niende polepole, chumba cha pili kuna mama mgonjwa asiyetakiwa kusumbuliwa. Alidhani mimi ni mteja wa zamu inayofuata.

Nikaona nisimkosoe. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kama mteja, nyumba ni ya nani. Akasema ni ya mzee mmoja marehemu, anauza kijana wake, ndiye aliyempa ufunguo. Nikauliza kama familia imekubaliana. Akasema kijana ana dada mmoja tu, ambaye ameridhia na ameshatafuta vyumba viwili vya kupanga atakakohamia na mama yake. Nikauliza kuhusu mbwa, maana watu huogopa mbwa. Hapo akatabasamu, akatoa simu yake mfukoni, akabonyeza. Tik. Askari akainua kichwa, naye akamtupia biskuti. Akasema kijana ni mtu makini, alimfundisha mbwa kwanza ndipo akaanza kuleta wanunuzi. Yule mke akawa anaugonga ukuta wa chumba cha mama kwa kidole, akimwambia mumewe kwamba huu watauvunja. Upande wa pili mama alikuwa anasikiliza redio.

Nilipowaambia mimi ni nani, waliondoka bila hata kuaga.

Mama husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku zote nilidhani anasema habari za chawa. Mdogo wangu, umeniuma. Ungeniambia una shida tungekaa tukazungumza. Ungeniambia hata kwamba umetuchoka. Lakini ulinitumia mimi, kwa mikono yangu, jioni baada ya jioni, kuyaziba masikio ya mama aliyekwisha kupoteza macho. Na nilipokuwa nafanya hivyo ulikuwa unanisifu.

Nimebadilisha kufuli zote. Mama nimemwambia dalali alikosea nyumba, na kwamba pua yake haikukosea. Huo wa dalali ndio uongo wa mwisho ninaosema kwa ajili yako. Ukweli uliobaki utakuja kumwambia mwenyewe, ukikaa kwenye kiti kile karibu na dirisha ambapo anaweza kukiona kivuli chako.

Ukija, gonga. Najaribu kumrudisha Askari darasani. Kwenye programu sikuona somo la kumfanya mbwa abweke, kwa hiyo nimebuni langu: nasimama nje ya geti na kumfungulia zile sauti zako ulizonitumia kwenye simu, nataka azibwekee. Wapi. Akikusikia tu anatikisa mkia mpaka kiuno kinacheza, kisha anakimbilia zulia kungoja biskuti. Nimemkaripia, nimemnyima, hajaweza kukubwekea. Mimi nimeweza.

Wanaokusalimu ni mama na Askari.

Dada yako