Karanja, Uliyesema Filamu Inadanganya

Ndugu yangu Karanja,

Wambui amejifungua. Ni mtoto wa kiume, amepewa jina la baba yako kama desturi yenu inavyotaka. Nilikwenda Mugutha kumwona Jumapili. Nyumba yenu ilichomwa wiki ile tulipokuzika, na sasa mkeo anakaa katika kijiji kipya cha serikali, kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kutoka ni kwa kibali, na kila mtu ana zamu ya kulichimba handaki. Aliniambia nikuandikie. Alisema wewe ulikuwa mtu wa kuandikiwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichotumia kubishana, wewe Mkikuyu wa Ruiru, mimi Mluhya niliyeletwa Thika na kazi ya gari la sinema la serikali. Siku ya kwanza nilionyesha filamu ya sabuni kwenye shamba la kahawa ulikokuwa karani. Watu walipoondoka ulinifuata ukaniambia filamu ni mbovu, maana mtu mbaya alikuwa mchafu kabla hata hajatenda ubaya. Nilikasirika. Nikakujibu kazi yangu ni kuendesha mashine tu.

"Basi wewe ni mpishi asiyeonja," ukasema.

Tangu siku ile nilianza kuonja.

Kila wiki gazeti la Nairobi lilitoa maneno yako, juu ya vitabu vya duka la misheni, juu ya filamu za Kihindi mjini Thika, juu ya hizi zangu. Watu wasiojua kusoma walisomewa chini ya paa la kiwanda cha mkonge, wakabishana kama wanabishania ng'ombe. Unakumbuka Bwana Meneja alivyokuchapa kiboko mbele ya wachuma kahawa, kwa kuwa ulicheka mahali ambapo mzungu wa kwenye filamu alikuwa analia? Shati liligandana na mgongo. Wiki ile uliandika juu ya filamu hiyo hiyo, wala hukutaja kipigo. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema kiboko hakikuwa kwenye filamu.

Halafu ikaja ile ya kijiji kipya. Watoto wanakunywa maziwa, akina mama wanacheka, na Gachuma, mkubwa wa homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, anagawa vikombe akitabasamu. Gachuma yule yule ambaye vijana wake walikuwa wameburuta maiti za wapiganaji wa msituni hadi sokoni ili watu wazitazame. Wewe uliandika kwamba kamera iligeuza uso kila ilipokaribia handaki. Ungeishia hapo, Karanja, labda ungeishi. Lakini ulikuwa mkosoaji, ukaendelea hadi kwenye uigizaji. Ukaandika kwamba mgawa maziwa hajui kumshikia mtoto kikombe.

Gazeti lilisomwa mpaka Gatuanyaga. Watoto walianza kumwigiza Gachuma njiani.

Kwa ajili ya kafyu tulikuwa tunaonyesha filamu mchana, ndani ya stoo ya mkonge, madirisha yamezibwa magunia. Ulikuja na kibali chako mfukoni ukaketi kati ya wanawake wakata mkonge. Gachuma aliingia na watu wake akasimama kando ya shuka la kuonyeshea picha. Picha yake ilipotokea, alikuita kwa jina. Akakuamuru usimame useme mbele ya watu yale uliyoandika.

Ulisimama. Nilikuombea useme ulikuwa unatania. Ulitazama shuka, si yeye.

"Tazama mkono wako pale," ulimwambia. "Umeshika kikombe kama rungu."

Hakuna aliyecheka. Alikupiga kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno yako yakianguka kwenye saruji, na mashine inaendelea kunguruma, maziwa ya kwenye picha yakimwagika juu ya mgongo wake wa khaki. Ulianguka, akakukalia kifuani akakupiga tena na tena. Nilimrukia. Mmoja wa vijana wake akanivunja mkono kwa rungu, nao hadi leo haunyooki. Nikiwa chini niliwapigia kelele akina mama wang'oe magunia.

Waling'oa. Jua likaingia lote, picha ikafutika. Kila mtu akaona Gachuma anachofanya, naye akaona kwamba anaonekana. Nilidhani ataacha. Aliinua kichwa, akatutazama, kisha akaendelea.

Wanawake ndio waliomwondoa. Walimwendea wote pamoja. Alifyatua risasi kwenye mabati, hawakurudi nyuma, akatoka akiwa na damu yako hadi kwenye viwiko. Ulifia mapajani mwangu. Ulitaka kusema kitu. Damu ikakizuia. Bado nakitafuta, Karanja... kilikuwa nini?

Nilikwenda kwa hakimu, mkono umefungwa, nikataja jina la Gachuma. Akaandika kwamba ulikufa katika ghasia. Mimi nikafukuzwa kazi. Sasa namenya mananasi kiwandani kwa mkono mmoja na nusu.

Lakini sikiliza. Filamu ile ililetwa tena stoo ile ile, na mtu mwingine kwenye mashine. Nilikwenda. Gachuma alipotokea na vikombe vyake, wanawake wale walisimama wakasema, si kwa kelele, kama watu wanaojibu maombi kanisani: "Huyo ndiye aliyemuua Karanja." Askari waliwachapa. Waliochapwa walirudia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo shamba jirani, na kwingine tena, mpaka filamu ikaondolewa. Haionyeshwi tena popote huku. Gachuma amehamishwa, watu walikuwa wanamtazama mikono.

Ndugu yangu, lala. Wambui hatachimba handaki peke yake. Zamu yake ya Jumamosi nimeomba niichukue mimi, na mkubwa mpya wa homugadi amekubali. Na gazeti lako, nililoliandikia, limenijibu. Wanataka mtu wa kuandika juu ya sinema. Nitaandika vibaya mwanzoni, utanisamehe. Nitatia jina langu kamili chini, kama ulivyotia lako.

Kwaheri, Karanja.

Rafiki yako,
Ambani